Haki Itendeke: Kuielewa The Winslow Boy

Mtoto amesimama mbele ya baba yake akiwa na sare ya wanamaji. Kati yao kuna barua, na barua inasema ameiba hawala ya posta ya shilingi tano. Baba hapandishi sauti. Anamwambia mwanawe kwamba akidanganya atamjua, kwa sababu kati yao wawili uongo haufichiki, kisha anamuuliza: umeiba? Mtoto anajibu hapana. Anamuuliza tena. Jibu ni lile lile. Kwa mzee Arthur Winslow mambo yameisha hapo, kwani mtoto hakuiba. Kwa serikali ya Uingereza yatachukua karibu miaka miwili.

Filamu ya The Winslow Boy ilitoka mwaka 1948. Iliongozwa na Anthony Asquith, na ilitokana na tamthilia ya Terence Rattigan iliyopandishwa jukwaani London mwaka 1946. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, inakaribia saa mbili, na sehemu kubwa ni watu kuongea ndani ya vyumba. Nawafahamu watu kadhaa walioianza wakaiacha njiani, na sababu yao ni moja: hawakuelewa wanachogombania hawa ni nini hasa. Kama mtoto kafukuzwa chuo kwa kuonewa, si baba yake aende mahakamani? Kwa nini nusu ya filamu tunazunguka kwenye ofisi za mawaziri na Bunge la Makabwela, watu wanabishana kuhusu karatasi ya kumwomba Mfalme?

Swali hilo ndilo filamu yenyewe. Ukilielewa, kila kikao cha watu wanne sebuleni kinakuwa na uzito wa hukumu.

Tuanze na kisa cha kweli, maana kipo. Mwaka 1908 kijana wa miaka 13 aitwaye George Archer-Shee alikuwa kadeti katika Chuo cha Wanamaji cha Osborne, kwenye kisiwa cha Wight. Mwezi Oktoba kadeti mwenzake alipotelewa na hawala ya posta, ambayo wazee wetu waliiita postal oda, ya shilingi tano. Siku ile ile George alikuwa ameomba ruhusa akaenda posta kununua hawala ya shilingi 15 na senti sita za Kiingereza. Mama wa posta alisema kadeti aliyenunua hiyo ndiye pia aliyekuja kuchukua fedha za ile iliyopotea. Akaitwa mtaalamu wa mwandiko, Thomas Gurrin, akasema sahihi iliyoghushiwa ni ya mkono wa George. Admiralti, yaani wizara iliyosimamia jeshi la wanamaji, ikamwandikia baba yake amwondoe mtoto chuoni.

Uchunguzi wote ulifanywa na chuo na Admiralti wenyewe. Mtoto hakuwa na wakili, hakuwa na mzazi pembeni, na mashahidi hawakuulizwa swali na mtu yeyote wa upande wake. Ndiyo ile ya kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Na huyo Gurrin alikuwa ameshawahi kukosea pakubwa: ushahidi wake wa mwandiko ulichangia kumfunga Adolf Beck mwaka 1896, mtu ambaye baadaye ilibainika kwamba hakuwa na hatia hata chembe.

Sasa njoo kwenye fundo lenyewe. Laiti George angekuwa ofisa au baharia kamili, angeweza kudai apelekwe mahakama ya kijeshi, huko akajitetea. Laiti angekuwa mwanafunzi wa shule ya kawaida, baba yake angeishtaki shule. Kadeti hakuwa huku wala kule. Hajawa mwanajeshi wa kutosha kupata mahakama ya kijeshi, lakini ameshakuwa mtu wa Mfalme kiasi kwamba aliyemfukuza ni Mfalme. Na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, Mfalme hashtakiwi. Mahakama ni zake, majaji ni wake, na kanuni iliyokuwa ikirudiwa kwa karne nyingi ilisema Mfalme hawezi kukosea. Ukitaja "Mfalme" hapa usimfikirie mzee mwenye taji peke yake. Ni serikali nzima: wizara, jeshi, posta.

Palikuwa na mlango mmoja mwembamba, nao ni ombi la haki. Raia mwenye dai la mkataba au mali dhidi ya serikali aliandika ombi kwa Mfalme, akimsihi akubali kushtakiwa katika mahakama zake mwenyewe. Ombi lilipitia kwa Waziri wa Mambo ya Ndani na kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye aliyeshauri likubaliwe au likataliwe. Likikubaliwa, juu yake yaliandikwa maneno machache ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyasema: haki itendeke. Maneno hayo yakishaandikwa, mlango umefunguka, na raia anakwenda mbele ya jaji kama mdai mwingine yeyote. Yasipoandikwa, huna pa kwenda.

Ona mtego uliomo. Anayeamua kama serikali ishtakiwe ni serikali. Familia ya Winslow haipigani kushinda kesi. Kwa muda mrefu inapigana ipate kesi. Ndiyo maana filamu hii ya mahakama inachelewa sana kufika mahakamani, na ndiyo maana mwongozaji anatupeleka bungeni kwanza. Bungeni ndiko mahali pekee ambapo waziri anaweza kubanwa mpaka aone haya kukataa.

Akishapata ruhusa baba hajamaliza, maana kuna kizuizi cha pili ambacho msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwenye korido za mahakama zetu atakitambua mara moja. Katika kesi ya kweli, iliposimama mbele ya jaji Julai 1910, mawakili wa serikali hawakusema "mtoto aliiba". Walisema hata kama kila anachodai ni kweli, sheria haimpi haki yoyote, kwa sababu anayemtumikia Mfalme anaondolewa Mfalme apendapo. Kwetu hilo linaitwa pingamizi la awali. Sifananishi tu. Mwaka 1969, katika kesi maarufu ya Mukisa Biscuit, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba pingamizi la awali ni hoja ya namna ile ile iliyotumika zamani Uingereza: hoja tupu ya sheria, inayojengwa juu ya dhana kwamba maelezo ya upande wa pili ni ya kweli. Mawakili wetu wanainukuu kesi hiyo mpaka leo.

Jaji wa kwanza aliikubali hoja ya serikali. Fikiria umefika hapo baada ya miezi yote ile, mashahidi wako nje wanasubiri, halafu unaambiwa hakuna haja ya kusikiliza kama mtoto aliiba au hakuiba. Wakili wa familia, Edward Carson, alikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaamuru ukweli usikilizwe kwanza, mambo ya sheria yafuate baadaye. Kwa maoni yangu hapo ndipo kesi iliposhinda, siku kadhaa kabla shahidi hajafungua mdomo.

Carson ndiye aliyekuwa kielelezo cha Sir Robert Morton wa kwenye filamu, anayeigizwa na Robert Donat. Alikuwa mwanasiasa mzito wa upande wa upinzani na wakili aliyeogopwa. Ndiye aliyemhoji mwandishi Oscar Wilde mahakamani mwaka 1895 na kumwangusha. Kuhusu mawakili, mtazamaji wa kwetu anahitaji jambo moja dogo. Uingereza mawakili wako wa aina mbili. Kuna wakili wa ofisini, anayempokea mteja, kukusanya nyaraka na kuandaa jalada. Na kuna wakili wa mahakamani, anayevaa wigi na joho na kusimama mbele ya jaji. Ndiyo maana Desmond Curry, wakili mpole wa familia ya Winslow ambaye amempenda binti yao miaka nenda rudi bila mafanikio, hawezi kuisimamia kesi mwenyewe. Kazi yake ni kumfikia Morton na kumshawishi alichukue jalada.

Hapo tunafika kwenye tukio ambalo kila aliyeiona filamu hii analikumbuka. Morton yuko kwenye haraka zake. Anamtaka mtoto. Ronnie, ndilo jina la mtoto kwenye filamu, anasimama mbele yake, familia imekaa pembeni, na Morton anaanza kumuuliza: ulikuwa wapi, dakika ngapi, kwa nini ulijaribu kuiga sahihi ya mwenzako. Maswali yanaanza ya upole kisha yanakaza, hayampi mtoto nafasi ya kupumua, mpaka anaitwa mwongo na mwizi usoni pake na kuambiwa akiri. Mtoto analia. Mama anakuja juu. Baba amesimama amekasirika. Morton anakusanya vitu vyake na, akiwa anaondoka, anamwambia Curry amletee makaratasi yote. Mtoto hana hatia, ni dhahiri. Jalada amelichukua.

Mara ya kwanza nilipofika hapo niliisimamisha filamu, nikarudi nyuma nikatazama tena maswali peke yake. Fanya hivyo na wewe. Baadaye Morton anaeleza alichokuwa akikifanya: mtoto alikubali mambo mengi mno yanayomharibia. Mwenye hatia angekuwa mwangalifu, angepima kila jibu. Pia alimtegea mtego, mtoto hakunasa. Akamfungulia upenyo wa kutokea, mtoto hakuupita. Ukirudia tukio hilo ukijua hayo, unaona kwamba ukatili wote ule ulikuwa kipimo. Na unaona kazi ya Donat. Uso wake hautoi kitu, sauti yake ndiyo inayofanya kila kitu, inashuka pale ambapo mwigizaji mwingine angepaza. Cedric Hardwicke, anayemwigiza baba, anafanya kinyume chake: hasemi mengi, mwili ndio unaozungumza, na kila baada ya muda tunamkuta amedhoofika zaidi, fimbo mkononi, mpaka kitini.

Maana vita hivi vina bei, na filamu inaihesabu shilingi kwa shilingi. Kaka mkubwa, Dickie, anaondolewa Chuo Kikuu cha Oxford kwa sababu ada imekwenda kwa mawakili. Dada, Catherine, anayeigizwa na Margaret Leighton, amechumbiwa na kijana ambaye baba yake ni kanali. Kanali anaandika barua: kesi ikiendelea, mwanawe hatapata tena posho, na ndoa haitawezekana. Catherine anasoma, anajua ana saa chache za kuamua, na anachagua kesi. Ni mwanamke anayepigania wanawake wapate kura, na kwa imani zake anamchukia Morton, anamwona mtu baridi wa tabaka la juu. Hajui, na itamchukua muda kujua, kwamba Morton ameukataa wadhifa wa Jaji Mkuu ili asiiache kesi ya mtoto wa hawala ya shilingi tano.

Catherine ni wa kubuniwa. Katika kisa cha kweli hapakuwa na dada wa namna hiyo; aliyesaidia kusukuma jambo mpaka juu alikuwa kaka wa George wa mama mwingine, mwanajeshi aliyeingia bungeni mwaka 1910. Namshukuru Rattigan kwa ubunifu huo. Mwanamke asiye na kura, akipigania haki ya mtoto asiye na mahakama, mbele ya wakili anayeamini wanawake wasipige kura: hapo mazungumzo ya sebuleni yanapata makali ambayo kisa halisi hakikuwa nayo.

Mahakamani, mwaka 1910, hoja kubwa ilikuwa mama wa posta. Carson hakumshambulia. Alimwongoza polepole mpaka ikaonekana wazi kwamba kadeti wale, na sare zao zinazofanana, hakuwa na uwezo wa kuwatofautisha, na kwamba siku ile alikuwa akikatizwa kazi mara kwa mara. Kama hawezi kuwatofautisha, anajuaje kwamba aliyenunua ndiye aliyechukua fedha? Siku ya nne Rufus Isaacs, Wakili Mkuu wa Serikali, akasimama na kutamka kwamba serikali inakubali George Archer-Shee hakuandika sahihi ile wala hakuchukua fedha zile, na kwamba hana hatia. Hapakuwa na hukumu ya baraza la wazee wa mahakama. Serikali ilisalimu amri yenyewe. Fidia ilichelewa mpaka 1911, baada ya kelele bungeni: pauni 7,120, gharama za kesi zikiwemo. Kwa hesabu ya pauni moja shilingi 20, hizo ni hawala 28,480 za shilingi tano.

Kuna jambo moja kwenye mazungumzo ya mwisho ambalo Kiswahili kinatutesa kidogo, na mateso hayo yana faida. Morton alibubujikwa na machozi mahakamani, na Catherine anamuuliza kwa nini. Anatofautisha maneno mawili. Moja ni lile la mizani, la majaji na taratibu, na hilo anasema ni jepesi kulitenda. La pili ni lile lililoandikwa juu ya ombi, na hilo ni gumu. Sisi yote mawili tunayaita haki. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili hashindwi kuelewa. Tunajua tofauti ya kutenda haki na kumpa mtu haki yake. Mahakama inaweza kufuata kila utaratibu, ikatenda haki kwa maana ya kwanza, na bado haki ya mtu ikabaki mkononi mwa aliyemdhulumu. Pingamizi la awali la 1910 lilikuwa halali kabisa. Lingefaulu, utaratibu ungekuwa umefuatwa, na mtoto angebaki mwizi maisha yake yote.

Mtazamaji wa Tanzania ana sababu ya ziada ya kukaa mkao wa kusikiliza filamu inapozungumzia ile ruhusa ya serikali. Sheria yetu ya mashauri dhidi ya serikali ya mwaka 1967, baada ya marekebisho ya 1974, ilimtaka anayetaka kuishtaki serikali apate kwanza kibali cha waziri. Ni mlango ule ule mwembamba wa Winslow, na bawabu yule yule. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilitamka kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Badala yake ikaja notisi ya siku 90: unaiarifu serikali, unasubiri, kisha unafungua kesi bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilipoitazama filamu hii baada ya kuisoma hukumu hiyo, maneno ya mawaziri wa Uingereza wakieleza kwa nini ombi lisikubaliwe hayakuwa tena mambo ya kale ya ughaibuni.

Uingereza yenyewe ilikuwa imeshabadilika filamu ilipotoka. Sheria mpya ya mwaka 1947, iliyoanza kutumika Januari 1948, iliondoa ombi la haki, na raia akaanza kuishtaki serikali moja kwa moja. Watu walioketi kwenye kumbi za sinema miezi michache baadaye walikuwa wakitazama kizuizi kilichokwisha kuondolewa. Jeshi halikuondolewa kinga yake yote, hata hivyo. Mwanajeshi aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenzake kazini aliendelea kuzuiwa kuishtaki serikali mpaka 1987.

Na mwongozaji? Anthony Asquith alikuwa mtoto wa H. H. Asquith, Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1908 hadi 1916. Serikali iliyomfukuza George, ikamwekea pingamizi, kisha ikasalimu amri, ilikuwa serikali ya baba yake, na Anthony alikuwa mtoto mdogo akikulia humo humo. Miaka arobaini baadaye akaitengenezea familia ya yule kadeti filamu, na hakuna mahali ambapo anawapunguzia mawaziri makali. Neil North, aliyemwigiza Ronnie akiwa mtoto, alirudi mwaka 1999 filamu ilipotengenezwa upya na David Mamet, safari hii akiwa mkuu wa Admiralti.

Katika tamthilia, kesi inaposhinda Ronnie hayupo. Amekwenda sinema. Anarudi nyumbani anakuta kila mtu ana furaha, anaomba radhi kwa kuchelewa, hakujua kama ingekuwa leo. Rattigan amemwacha hapo, kijana mwenye maisha mbele yake, na haongezi neno.

George Archer-Shee alikwenda Marekani, akafanya kazi New York. Vita vilipozuka 1914 alirudi na kuingia jeshini, akawa ofisa katika kikosi cha South Staffordshire. Aliuawa Ypres, Ubelgiji, mwisho wa Oktoba mwaka huo huo, akiwa na miaka 19. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa kwenye lango la Menin, pamoja na ya maelfu ya wengine ambao hawakuonekana tena.